Uzi: Mlinzi wa mstari wa chuo, utajuaje kama ataiweza NFL? Tumrudie Tristan Wirfs

Mbeba Mizigo (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti (NFL ndiyo ligi yake kuu ya kulipwa), kwa hiyo wa Simba na Yanga mnaruhusiwa kupita bila kutukana.

Niko Cedar Rapids, Iowa, mwaka wa tisa sasa, zamu ya usiku ghalani. Zamu yetu ina Wakongo wengi, Warundi kadhaa na mimi Mtanga mmoja. Kila ikikaribia Aprili, mwezi wa drafti (siyo ile ya vizibo vya soda kibarazani, hii ni siku timu za NFL zinapopokezana kuchagua vijana wa vyuo), ubishi unaanza. Wachezaji wa kushika mpira kila mtu anajifanya anawajua: kakimbia yadi ngapi, kafunga mara ngapi, kwisha habari. Ikifika kwa yale majitu matano ya mstari wa mbele, watu wanakisia kwa kutazama tumbo.

Siwalaumu. Majitu hayo hayana namba ya kujitetea. Hayashiki mpira, hayafungi, na jina lao likitajwa kwenye spika za uwanja ujue kuna faulo. Kazi yao ni kufungua njia mpira ukikimbizwa na kumkinga kotabeki, yule mrushaji wa timu, mpira ukirushwa. Katikati yupo senta, ubavuni mwake walinzi wa ndani wawili, na mwisho wa mstari walinzi wa pembeni wawili. Hao wa pembeni ndio ghali, maana wavamizi wenye kasi, yaani wapinzani wanaomfukuzia kotabeki, hutokea huko, na kotabeki anayerushia mkono wa kulia huwa kaupa kisogo upande wa kushoto.

Mfano wangu ni Tristan Wirfs. Kwao ni Mount Vernon, mji mdogo, kutoka nilipo nusu saa ya gari haiishi. Alicheza chuo kikuu cha Iowa, akaingia drafti ya 2020 pamoja na walinzi wa pembeni wengine watatu wakubwa: Andrew Thomas wa Georgia, Jedrick Wills wa Alabama na Mekhi Becton wa Louisville. Wanne hao walibishaniwa miezi minne mizima. Giants wakamchukua Thomas nafasi ya 4, Browns wakamchukua Wills ya 10, Jets wakamchukua Becton ya 11. Wirfs akasubiri hadi ya 13, wa mwisho kati ya wanne, Tampa Bay wakamnyakua baada ya kupanda nafasi moja tu kwa kubadilishana na San Francisco.

Leo kila mtu anajua Wirfs ndiye alikuwa bora. Swali langu ni je, ungeweza kulijua hilo Machi 2020, kabla hajavaa jezi ya Tampa? Mimi nasema ungeweza, au angalau ungekaribia, lakini siyo kwa njia ambayo wengi waliitumia.

Nitaendelea chini, ngoja nipange pallet mbili hapa.

Kibuyu Kitupu

Nipo nasubiri. Mimi mtu wa kandanda lakini nimekaa hapa na popcorn.

Fundi Makenika

Mkuu, si walimpima Indianapolis? Yule jamaa aliruka kama paa. Namba zilikuwepo, sasa ubishi wa nini?

Mbeba Mizigo

Fundi umenianzishia vizuri.

Ni kweli, kila mwaka vijana hupelekwa Indianapolis wakapimwa kama ng'ombe wa mnada: urefu, uzito, mkono toka bega hadi ncha ya kidole, kiganja, mbio za yadi 40, kuruka juu, kuruka mbele. Wirfs alikuwa na karibu mita 1.96, kilo 145. Yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu, alizikimbia kwa sekunde 4.85. Aliruka juu inchi 36.5, yaani sentimita 93 hivi, rekodi ya walinzi wa mstari pale Indianapolis. Kuruka mbele alizidi mita 3. Kilo 145 hizo wakuu! Mimi nina 78 na ngazi za ghalani zinanitoa jasho.

Halafu kuna ile video akiruka kutoka ndani ya bwawa la kuogelea na kutua ukingoni kwa miguu miwili. Watu wakachanganyikiwa. Lakini bwawani hakuna mvamizi anayekuvuta mkono.

Ndiyo maana namba peke yake zilishindwa kumaliza ubishi. Siku zile zile Becton, mwenye kilo 165 na urefu wa zaidi ya mita 2, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.10. Ukitazama kwa jicho la mnada, hicho ni kituko kikubwa kuliko cha Wirfs. Mkono wa Thomas ulizidi inchi 36, wa Becton ulizidi 35, wa Wirfs ulikuwa 34 kamili. Kuna waliosema mkono wa Wirfs haumtoshi pembeni, asogezwe ndani akawe mlinzi wa ndani.

Nyerenyere

Samahani kwa ushamba, mkono una kazi gani? Si mieleka tu?

Mbeba Mizigo

Siyo ushamba, dada (au kaka). Mlinzi na mvamizi wanakutana kwa nguvu, na anayemgusa mwenzake kifuani kwanza ndiye anayeamua ngoma ichezwe vipi. Mkono mrefu unakupa mguso huo wakati wewe mwenyewe hujafikiwa. Pembeni kuna nafasi pana, mvamizi anakuja kwa kasi akiwa na hatua tano za kuchochea, kwa hiyo inchi moja ina thamani. Ndani kumebanana, mnaanza mmeshakaribiana, urefu unapungua maana.

Lakini mkono mrefu uliochelewa haumfai mwenye nao kitu. Hapo ndipo nilipo na msimamo wangu.

Mimi mlinzi wa chuo sianzi kumtazama aliposhinda. Kijana anayezungumziwa raundi ya kwanza anashinda mara hamsini kwa siku mbele ya watoto ambao kesho kutwa watakuwa wahasibu. Huko hakuna cha kujifunza. Mimi natafuta aliposhindwa. Nachukua mechi tatu ngumu, natafuta kila mpira aliozidiwa, nauliza mambo mawili tu: kazidiwa na nini, na sekunde iliyofuata kafanya nini?

Kuna anayezidiwa kwa sababu miguu imechelewa: mvamizi kamzunguka nje, yeye kabaki anageuza kiuno kama mlango wa banda. Huyo mzito wa miguu simtaki pembeni hata akiwa na mkono wa pweza. Kuna anayezidiwa kwa sababu kaegemea, kichwa kimetangulia miguu, mvamizi kamvuta na kumpita kama anayefungua pazia. Hilo ni kosa, lakini ni kosa la mafunzo. Na kuna anayezidiwa kwa akili: wavamizi wawili wanapishana, huyu anaingia ndani, yule anatoka nje, yeye kamfuata wa kwanza na wa pili kapita bila kupigwa hodi. Hilo kwa kijana wa miaka 20 nalisamehe nusu.

Baada ya hapo ndipo penye utamu. Amezidiwa, sawa. Je, anajiokoa? Kuna walinzi ambao wakipoteza hatua ya kwanza mchezo umekwisha, wanasimama wanatazama kotabeki akisagwa. Na kuna wengine wanapigwa kifuani, wanarudi hatua mbili, halafu wanakaa kama lori lililowekewa jiwe. Tunaita kutia nanga. Au kapitwa nje, lakini miguu ina haraka ya kutosha akamsindikiza mvamizi hadi nyuma ya kotabeki, mpira ukatoka salama. Kwenye karatasi zote mbili zinaandikwa "hakuna kilichotokea". Kwangu hizo ndizo dhahabu.

Fundi Makenika

Nimekuelewa. Kama breki. Hujui breki nzuri mpaka gari lianze kuteleza.

Mbeba Mizigo

Fundi bwana 😂 Ndiyo hiyo.

Sasa Wirfs. Alianza mechi za Iowa akiwa mwaka wa kwanza, 2017, na ndiye kijana wa kwanza kabisa kuanza pembeni akiwa katoka tu sekondari tangu Kirk Ferentz ashike timu mwaka 1999. Huyo Ferentz siyo kocha wa kubahatisha. Kazi yake ya asili ni kufundisha walinzi wa mstari, alikwisha kuifanya Cleveland kwenye NFL chini ya kocha maarufu Bill Belichick. Kwa hiyo Wirfs akizidiwa, huwezi kusema hakufundishwa.

Mechi yangu ya kwanza kuitazama ilikuwa ile ya Michigan, Oktoba 2019. Iowa walifungwa 10 kwa 3 na kotabeki wao Nate Stanley aliangushwa mara 8. Mara nane! Kwa timu inayojisifia mstari, hiyo ni aibu ya mwaka. Skauti mvivu angeandika "mstari mbovu" na kufunga daftari. Mimi nilirudia kila mpira. Nane hizo siyo zake zote, mstari una watu watano na kotabeki naye ana wakati anang'ang'ania mpira kama mali ya urithi. Nilichoona kwa Wirfs ni kuegemea. Kuna nyakati kifua kilitangulia miguu, na alipovamiwa upande wa ndani alichelewa kidogo kufunga mlango. Nikaandika hivyo. Lakini nikaandika pia: hajawahi kuachwa amesimama. Hata alipokosea, miguu ilimrudisha mbele ya mtu.

Na hapo ndipo zile namba za Indianapolis zikapata maana kwangu. Sentimita 93 za kuruka hazimlindi kotabeki. Zinakuambia ule uwezo wa kujirudi unaouona kwenye mkanda siyo wa bahati, upo mwilini, atahama nao kwenda kwenye ligi ya watu wazima.

Mama Wawili

Mimi niko Iowa City, kwetu Bukavu. Mtoto wangu wa kwanza anacheza sekondari huku, nafasi hiyo hiyo ya pembeni. Kocha wake alimwambia kwanza aende mieleka. Mimi nikakataa, nikasema mtoto atavunjika shingo. Hii mieleka ina maana kweli ao wanatafuta tu watu wa kujaza timu yao?

Mbeba Mizigo

Mama, karibu sana. Kocha hakukudanganya. Wirfs alikuwa bingwa wa mieleka wa jimbo uzito wa juu kabisa, na pia bingwa wa tufe na kisahani. Ili aruhusiwe kupigana ilibidi ashushe mwili hadi pauni 285, yaani kilo 129. Mieleka inafundisha hicho hicho ninachokitafuta: mtu amekushika vibaya, kiuno chako kiko juu kuliko chake, utarudije chini kabla hujaanguka? Tufe nalo linafundisha nguvu itoke mguuni ipite kiunoni ndipo ifike mkononi.

Tena kuna kisa cha hapa jirani. Solon na Mount Vernon ni miji inayotazamana. Solon alikuwepo mtoto mwingine, Tyler Linderbaum, na sekondari aliwahi kumshinda Wirfs kwenye mieleka. Huyo alikuja kuwa senta wa Iowa, akatwaa tuzo ya Rimington ya senta bora wa vyuo 2021, Baltimore wakamchukua nafasi ya 25 mwaka 2022. Mikono yake inchi 31 na kidogo tu! Pembeni asingekaa hata robo ya mechi. Katikati ni mfalme.

Kuhusu shingo, muulize kocha anafanya mazoezi gani ya shingo kabla ya msimu. Kama hana jibu, kataa tena.

Mama Wawili

Aksanti. Nitamuuliza.

Winga Mstaafu

Niko Nairobi, nilicheza raga miaka kumi. Boss, hapo kwa mkanda nakupa pointi, lakini mbona basi Jordan Mailata? Jamaa alitoka raga ya Australia, chuo hakucheza hata dakika moja, Eagles wakamchukua nafasi ya 233 mwaka 2018 na sasa ni nguzo yao pale kushoto. Mkanda wa kushindwa wa Mailata ungeutoa wapi? Na sisi Wakenya tulikuwa na Daniel Adongo, alitoka raga akaingia Colts 2013, ingawa yeye alikuwa upande wa ulinzi.

Mbeba Mizigo

Winga, umenibana. Mailata nisingempata. Nakubali bila kona. Ila angalia bei: nafasi ya 233 ni mwisho kabisa wa drafti, pale timu inatupa ndoano ikijua inaweza isirudi na kitu. Na walimsubiri misimu miwili bila kumchezesha hata mechi moja. Mimi nazungumzia nafasi ya 4 au ya 13, ambapo ukikosea kocha anafukuzwa.

Kibuyu Kitupu

Mleta mada, nimesoma yote. Hao wengine watatu ilikuwaje?

Mbeba Mizigo

Hapa ndipo nilipopata na nilipokosa, sitaficha.

Thomas msimu wake wa kwanza New York aliteseka hadi watu wakaanza kumwandikia tanzia. Mimi nilisema tulieni, makosa yake ni ya miguu kuwekwa vibaya, siyo ya miguu mibovu. Mwaka 2022 akaingia kikosi cha pili cha nyota wote wa ligi. Hapo nilipata.

Wills nilikosa. Nilimweka juu ya Wirfs, ndiyo, nilimweka juu. Alabama alicheza kulia, lakini kotabeki wao Tua Tagovailoa anarushia mkono wa kushoto, kwa hiyo kulia ndiko kulikuwa upande wa kisogo. Nikasema huyu kalinda kisogo cha nyota, tayari. Sikujiuliza mipira mingapi ilitoka mkononi haraka kiasi kwamba mlinzi hakupimwa kabisa. Browns wakamhamishia kushoto, na baada ya miaka kadhaa ya kuyumba na majeraha wakaachana naye. Tangu hapo, kabla sijatazama mechi ya chuo, natoa mipira yote ya haraka nabaki na ile ambayo uwanja mzima unajua mpira utarushwa: jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa kusogea yadi kumi, na yadi kumi zote zimebaki, mvamizi hana sababu ya kusitasita. Inaweza kubaki mipira kumi tu kwa mechi. Hiyo kumi ndiyo mtihani.

Becton goti lilimsaliti, msimu wote wa 2022 hakucheza. Baadaye akaenda Philadelphia, wakamweka ndani badala ya pembeni, na msimu wa 2024 akabeba kombe. Kwa hiyo mwenye mkono wa inchi 35 ndiye aliyesogezwa ndani, na yule wa 34 kabaki pembeni. Kicheko.

Nyerenyere

Kwani kusogezwa ndani ni kushushwa cheo?

Mbeba Mizigo

Watu wanaisema kama tusi, na si tusi. Brandon Scherff naye alitoka Iowa, mlinzi wa pembeni kushoto, mshindi wa Outland (tuzo ya vyuo ya watu wa mstari), nafasi ya 5 mwaka 2015. Washington walimsogeza ndani kabla hata msimu haujaanza, mwaka 2020 akawa kikosi cha kwanza cha nyota wote. Kabla yake Robert Gallery, nafasi ya 2 mwaka 2004, Iowa vilevile, aliyumba sana pembeni Oakland, akatulia alipoingizwa ndani. Ndiyo maana Wirfs alishukiwa: watu walitazama jezi, wakaona Iowa, wakakumbuka Gallery na Scherff. Iowa wanapenda ule mchezo wa mstari mzima kupiga hatua kwa pamoja kuelekea pembeni mkimbiaji akifuata nyuma, kwa hiyo kijana wao hukutani naye akilinda peke yake mara nyingi kama kijana wa chuo kinachorusha kutwa. Shaka ilikuwa ya haki. Jibu tu ndilo lilikuwa kwenye mkanda.

Tampa hawakumsogeza. Mwaka ule wa korona mechi za majaribio zilifutwa zote, kwa hiyo mechi yake ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya ligi kabisa, mbele yake mvamizi Cameron Jordan wa New Orleans, nyuma yake kotabeki Tom Brady mwenye miaka 43 asiyeweza kukimbia hata daladala. Baadaye akakutana na wavamizi wengine wakali, Joey Bosa na Khalil Mack. Februari 2021 wakawapiga Kansas City 31 kwa 9 kwenye fainali. Na fainali ile, walioitazama wanakumbuka, Kansas City walikosa walinzi wao wote wawili wa pembeni kwa majeraha. Kotabeki wao Patrick Mahomes alikimbizwa usiku kucha kama kuku wa Krismasi. Upande wa pili Brady alikuwa amesimama anachagua wa kumpa.

Wirfs kikosi cha kwanza cha nyota wote 2021 akiwa kulia. Mwaka 2023 wakamhamishia kushoto, jambo ambalo ni kama kuambiwa uanze kuandika kwa mkono mwingine, na 2024 akaitwa tena kikosi cha kwanza, safari hii akiwa kushoto. Mwaka huo huo alisaini miaka mitano, dola milioni 140 na ushee.

Fundi Makenika

Milioni 140 za kumzuia mtu tu asipite. Mimi hapa nazuia oili isivuje kwa elfu kumi.

Winga Mstaafu

😂😂 Fundi unaumia.

Kibuyu Kitupu

Wakuu nimerudi. Nimetafuta ile mechi ya Michigan, nimepata vipande. Nimefanya kama mleta mada alivyosema: nimeweka kidole kwenye skrini juu ya yule namba 74 sijakitoa. Kuna mpira mmoja amesukumwa nyuma hatua mbili, nikasema huyu kaenda, ghafla kiuno kikashuka, jamaa wa Michigan kagota kama kagonga ukuta wa benki. Nimerudia mara nne, mke wangu anauliza naangalia nini.

Mbeba Mizigo

Mpira wenyewe uliishia wapi?

Kibuyu Kitupu

Mpira upi?